Haki za binadamu zisiishie kwenye makabrasha

MKAZI wa Mugutha anayerauka kutafuta kibarua katika viwanda na mashamba ya Ruiru na Thika ana haki ya kuuliza: serikali inamlinda vipi akidhulumiwa na kampuni?

Kwenye karatasi, jibu lipo. Mpango wa Kitaifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, wa 2020 hadi 2025, ulitaja mambo matano: ardhi na maliasili, uwazi wa mapato, mazingira, haki za wafanyakazi na upatikanaji wa haki kwa waliodhulumiwa.

Hata hivyo, mnamo 2023, walinzi wa shamba la mananasi la Del Monte karibu na Thika walipotuhumiwa kuwapiga na kuwaua watu, kishindo kilitoka Uingereza. Gazeti la huko lilichapisha tuhuma hizo, nayo maduka ya Tesco yakasimamisha ununuzi.

Mpango si sheria, wala hauna adhabu. Lakini Kifungu cha 20 cha Katiba ya 2010 kinafunga kila mtu kuheshimu haki, zikiwemo kampuni. Mpango wowote utakaofuata na uanzie hapo. Ngao ya Mkenya isiwe mteja wa ng'ambo.