Kutoka Ndugu Mpaka Mheshimiwa, na Sasa Chawa

Wadau, leo tuangalie jambo dogo tunalolifanya kila siku bila kulifikiria: namna tunavyoitana.

Panda daladala yoyote hapa Dar. Konda ana jina la kila abiria. "Anti sogea nyuma kidogo", "bosi nauli", "mzee wangu kaa hapa". Kijiweni nako kila mtu ni mkuu, kamanda au mwanangu. Hakuna tatizo hapo. Bosi wa kwenye daladala akishuka kituoni, ubosi wake unabaki ndani ya gari. Ni utani wetu wa Kibongo na maisha yanasonga.

Sasa shuka kwenye daladala uingie ofisi ya umma. Mtu yule yule aliyekuwa anamkoromea konda kwa ajili ya chenji ya shilingi mia, sauti inashuka, mikono inakwenda nyuma. "Samahani mheshimiwa, nilikuwa naomba unisaidie..." Anaomba nini? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake! Kitu ambacho kipo kisheria, na aliyekaa upande wa pili wa meza analipwa mshahara ili akitoe.

Najua kuna atakayesema hiyo ni adabu tu, Watanzania ndivyo tulivyo, hata dukani tunasema "naomba soda" wakati hela tunayo mkononi. Kweli kabisa. Wakenya wanatucheka kwa hilo na sisi tunawacheka kwa "nipe" yao. Lakini kuna tofauti. Dukani Mangi anajua utalipa na wewe unajua atakupa, "naomba" ni kulainisha mambo tu. Ofisini "naomba" imekuwa kuomba kweli kweli. Unayeomba huna uhakika wa kupata, na ukipata unaona umefanyiwa hisani. Hapo ndipo hongo inapopata mlango, maana hisani hailipwi kwa stakabadhi.

Turudi nyuma kidogo. Wazee wetu walipitia kipindi ambacho kila mtu, kuanzia Rais hadi mfagizi, aliitwa Ndugu. Haikutokea kwa bahati. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alikemea kwa maandishi mbwembwe za itifaki, ikiwemo tabia ya kupiga wimbo wa taifa kila anapofika mahali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaenda mbali zaidi, kifungu cha 15 kikawapiga marufuku viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu.

Wafanyakazi walikichukulia kifungu hicho kama kilivyoandikwa. Miaka ile ya mwanzo ya 1970 waligoma kwenye viwanda kadhaa, tena siyo kwa sababu ya mshahara peke yake, bali kwa sababu meneja anawatukana! Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar walikitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Fikiria hilo leo, mfanyakazi anasimama kumwambia bosi kuwa dharau yake ni kosa, na ana karatasi ya chama tawala mkononi kuthibitisha.

Lakini tusidanganyane kwamba enzi za Ndugu zilikuwa peponi. Ndugu hao hao ndio waliosimamia kuhamisha watu kwa nguvu kwenda kwenye vijiji vya ujamaa, hasa kati ya 1973 na 1976, na wapo waliochomewa nyumba zao ili wasirudi. Kuitwa Ndugu hakukumzuia mkuu wa wilaya kutoa amri. Kwa hiyo sisemi turudishe neno, mambo yatanyooka. Ninachosema ni kwamba neno lile lilimpa mnyonge pa kushika. Akionewa angeweza kuuliza: mbona ndugu yangu unanitendea hivi? Mheshimiwa utamuuliza nini? Yeye ameshaheshimiwa kabla hajafanya lolote.

Mwaka 1991 ikaja Zanzibar, pale Halmashauri Kuu ya CCM ilipolegeza masharti ya uongozi. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Miaka hiyo ya 1990 ndipo Mheshimiwa lilipoota mizizi mtaani. Bungeni lina kazi yake, ni utaratibu wa mjadala, linamzuia mbunge kumtukana mwenzake. Lakini limetoka bungeni likaenda kwa mkurugenzi, kwa diwani, kwa mwenyekiti wa mtaa, na siku hizi hata kwa mtu ambaye cheo chake ni gari kubwa tu. Ndani ya CCM bado wanaitana Ndugu kwenye vikao. Yaani undugu umebaki wa wenyewe kwa wenyewe, sisi wengine tunapewa waheshimiwa.

Sasa tumefika hatua ya tatu, uchawa. Zamani kumwita mtu chawa ilikuwa tusi la kupigania. Siku hizi wapo vijana wanaojitangaza wenyewe mtandaoni kuwa wao ni chawa wa fulani na wanaona fahari. Kazi ya chawa ni moja: kusifia. Na tusiwacheke haraka haraka, maana kijana mwenye digrii na hana ajira ameshaona mtaani kwake nani anapata mchongo. Aliyeuliza maswali yuko kijiweni, aliyesifia amepata cheo. Uchawa ni hesabu ya tumbo, siyo ujinga.

Uchawa unakula wapi? Chukua mfano wa mwaka 2021. Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF kwa ajili ya kukabiliana na athari za Korona, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Madarasa yalijengwa, ni jambo jema na sifa ya usimamizi wapewe wanaostahili. Lakini pale kwenye uzinduzi ulisikia nini? "Tunamshukuru Mama kwa kutuletea fedha." Jamani, mkopo ule ni deni la taifa, litalipwa na kodi ya mama ntilie, dereva wa bodaboda na wewe unayenunua vocha. Ukishashukuru kama umepewa zawadi, huwezi tena kuuliza bei ya saruji iliyotumika. Nani anakagua zawadi?

Hasara haiishii kwa mwananchi, hata mtawala anaumia. Kiongozi aliyezungukwa na sifa hasikii kitu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana waliingia barabarani Dar, Mwanza, Arusha na kwingineko. Intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu walikufa. Ukiwa umesikiliza redio na majukwaa ya mwaka ule peke yake, ungedhani nchi nzima inacheza ngoma. Hasira ile haikuzaliwa asubuhi ile, ilikuwepo mitaani muda mrefu, ila haikuwa na mahali pa kusemwa bila mtu kuitwa mkosa adabu.

Jirani zetu Kenya wana mtindo tofauti. Rais wao walimpachika jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, na wakamwita hivyo hadharani. Juni 25, 2024 vijana waliingia mpaka bungeni kupinga Muswada wa Fedha, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Watu walikufa huko pia, kwa hiyo ulimi mkali peke yake siyo kinga. Lakini angalau hakuna aliyeweza kusema hakujua wananchi wanafikiria nini kuhusu kodi.

Tufanyeje basi? Shikamoo ibaki, ile inafuata umri na ni mali yetu. Adabu ibaki. Ila tuitenganishe na kujishusha. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema mamlaka yote ya Serikali yanatoka kwa wananchi. Ofisi nyingi zina mkataba wa huduma kwa mteja, umeandikwa huduma fulani itolewe ndani ya siku ngapi, wakati mwingine umebandikwa ukutani kabisa na hakuna anayeusoma. Usome. Halafu sema kwa upole, "Ndugu, nimekuja kuchukua cheti changu, siku zilizoandikwa hapa zimepita." Hujamtukana mtu. Kwenye mkutano wa mtaa, kabla ya makofi, ulizeni mapato na matumizi. Ni haki yenu kusomewa.

Najua kwa wengine kuuliza hivyo kunaweza kukugharimu mchongo, na siwezi kukwambia haina gharama. Lakini kukaa kimya nako tumeona bei yake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mara ya mwisho ulipoingia ofisi ya umma, ulikwenda kuchukua haki yako au ulikwenda kuomba?