Jikoni Mwetu: Matango ya Siki ya Kukaanga

Mwezi huu tumechagua chakula ambacho ukikitaja mbele ya mama mkwe huenda akakushika paji la uso kuona kama una homa. Ni matango yaliyolowekwa katika siki, yakapakwa unga na kukaangwa katika mafuta mengi mpaka yakauke na kulia mdomoni. Watu wa majimbo ya kusini mwa Marekani huyala kama sisi tunavyokula bajia au kachori, kabla ya chakula chenyewe au pamoja na kinywaji baridi mchana wa jua. Vijana wetu waliokwenda kusoma huko hurudi wakiyasifu, na watoto huyaona kwenye televisheni wakayaulizia. Ni afadhali basi tujue yanavyotengenezwa, na tujue vizuri, kwa sababu katika mapishi haya kitu chenye maji mengi kinaingizwa katika mafuta ya moto. Mama asiyejitayarisha atapoteza mafuta yake, na anaweza kupata ajali.

Tuseme kwanza yalikotoka. Mji mdogo wa Atkins, katika jimbo la Arkansas, ulikuwa na kiwanda cha kusindika matango. Mwaka 1963 Bwana Bernell Austin, aliyejulikana kwa jina la utani la Fatman, alianza kuwauzia wateja wake vipande vya matango hayo vilivyokaangwa. Mkahawa wake, Duchess Drive-In, ulikuwa wa aina ile ambayo mteja huhudumiwa akiwa ndani ya gari lake. Siri ya unga wake ilibaki katika familia. Hata hivyo gazeti la Oakland Tribune la California lilikuwa limekwisha kuchapisha mapishi ya namna hiyo mwezi wa Novemba 1962, ila wao walitumia matango matamu na unga wa chapati za maji. Watu wa Mississippi nao wana madai yao. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Kilichotupendeza sisi ni kwamba Austin alitazama kilichokuwa kingi karibu na mlango wake akakifanyia kazi, jambo ambalo mama yeyote mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba atalielewa.

Matango ya siki ya chupa yanayouzwa madukani ni ghali, na mengi husafirishwa kutoka mbali. Tengeneza ya kwako. Nunua nusu kilo ya matango madogo, magumu, yasiyo na mbegu kubwa. Tango kubwa lililokomaa lina maji mengi katikati na halifai kwa kazi hii; hilo lifanye kachumbari. Yaoshe, kisha ukate na kutupa kipande chembamba upande ule ambako ua lilikuwa, si upande wa kikonyo peke yake. Katika ncha hiyo ya ua kuna vimeng'enya vinavyolainisha tango likiwa ndani ya siki, na ndiyo sababu mara nyingine achari ya mtu huwa teketeke na hajui kwa nini. Halafu kata vipande vya mviringo vyenye unene wa nusu sentimita hivi. Vikiwa vyembamba sana vitapotea ndani ya unga, na vikiwa vinene vitabaki na maji.

Chemsha kikombe kimoja cha siki na kikombe kimoja cha maji, kijiko kimoja cha mezani cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha sukari, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, na kijiko cha chai cha pilipili manga nzima. Wamarekani huongeza majani ya mmea uitwao dili (si ile dili ya vijana wa mjini!), ambao ni jamaa wa giligilani na shamari. Ukiukosa, tia mbegu za giligilani au za shamari nusu kijiko cha chai. Ladha haitakuwa ile ile, lakini itapendeza. Usichemshie siki katika sufuria ya alumini, kwa maana asidi hula madini yale na kuacha ladha mbaya. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Vipande viweke katika chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, umwagie siki hiyo ingali moto, acha ipoe, funika na uweke kwenye friji. Baada ya siku mbili au tatu yako tayari.

Hapa tunaomba usikilize, wewe mama unayependa kubana matumizi. Siki iwe na asidi ya asilimia 5. Soma kibandiko cha chupa. Usiongeze maji zaidi ya kipimo ili siki itoshe matango mengi. Asidi hiyo ndiyo inayozuia vijidudu, na ukiipunguza sana unatengeneza maji ya chumvi ambamo chakula huoza polepole. Tena matango ya namna hii hayakufungwa kwa joto kama ya kiwandani, kwa hiyo hayakai kabatini. Yakae kwenye friji, na yaliwe katika muda wa mwezi mmoja. Kama huna friji, tengeneza kidogo baada ya kuomba nafasi kwenye friji ya jirani, au nunua chupa ndogo siku ile ile ya kukaanga.

Sasa tufike kwenye kukaanga. Akina mama kadhaa waliojaribu wametueleza kwamba unga ulibaki kwenye karai na tango likatoka uchi. Sababu ni maji. Mafuta yaliyo tayari kwa kukaangia yana joto la nyuzi 180 hivi, na maji hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100. Yanapogeuka hutanuka zaidi ya mara 1,500. Fikiria basi tone la siki lililojificha kati ya tango na unga: linataka kutoka kwa nguvu, na njia yake ni kuubandua unga. Likitokea juu, hurusha mafuta usoni pako.

Kwa hiyo toa vipande kwenye siki, vichuje, uvipange juu ya kitambaa safi na kikavu bila kupandana. Funika kwa kitambaa kingine, ukandamize kwa kiganja, na uviache kwa dakika 20. Kisha vigeuze ukandamize tena. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuwalisha watoto. Usiiruke. Ukikosa kila kitu kingine katika ukurasa huu lakini ukakausha vizuri, bado utapata chakula.

Andaa sahani tatu. Katika ya kwanza changanya robo tatu ya kikombe cha unga wa ngano, robo kikombe cha konifulawa, pilipili manga ya unga nusu kijiko cha chai na pilipili ya unga kidogo kwa kadiri ya watoto wako. Usitie chumvi, tango limeshiba chumvi tayari. Katika ya pili piga yai moja na nusu kikombe cha mtindi. Katika ya tatu weka kikombe kimoja cha unga wa mahindi. Ule wenye chenga kidogo, kama dona, hukauka vizuri kuliko sembe laini, na ndio unaofanana zaidi na ule wanaotumia kule kusini mwa Marekani. Kuhusu konifulawa, usidhani ni ya kupamba tu. Unga wa ngano ukilowa na kukandwa huvutika, jambo zuri kwa chapati lakini baya hapa, kwa sababu ganda linakuwa gumu kutafuna. Unga wa mahindi na konifulawa havina mvuto huo, navyo hukauka na kuvunjika. Mama anayekaanga bajia kwa unga wa dengu anaijua tofauti hiyo kwa mkono, hata kama hajawahi kuielezwa.

Pitisha kila kipande katika sahani ya kwanza, kikung'ute. Katika ya pili, kichuruzike. Kisha katika ya tatu, ukikandamiza kidogo. Tumia mkono mmoja kwa unga mkavu na mwingine kwa mtindi, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyokuwa vimepakwa vizuri zaidi. Vipange kwenye waya au sinia, uviache dakika 10 ili unga ushike.

Chukua sufuria nzito yenye kina na utie mafuta yasiyozidi theluthi moja ya kimo chake. Mafuta yatapanda yakipokea matango, na sufuria iliyojaa humwaga juu ya moto. Pasha kwa moto wa wastani. Kujua kama yameiva, dondosha kipande kidogo cha mkate: kikigeuka rangi ya dhahabu kwa muda wa dakika moja hivi, anza. Kikikaa tu bila kuchemka, ngoja, maana mafuta ya baridi huingia ndani ya unga na chakula kinalowa mafuta. Mafuta yakianza kutoa moshi, ondoa sufuria motoni uyaache yapoe kidogo. Tumbukiza vipande vinane au kumi kwa mara moja, kimoja kimoja, ukiviachia karibu na mafuta badala ya kuvirusha kutoka juu. Dakika mbili zinatosha, ukivigeuza mara moja. Ukijaza sufuria ili umalize haraka, joto litashuka na vyote vitalegea.

Ukivitoa usivirundike. Viweke juu ya waya ili mvuke utoke chini. Vikilaliana vitajilowesha vyenyewe. Na tunawasihi tena, tusichujie mafuta ya chakula kwenye magazeti yaliyochapwa. Wino wa magazeti haukutengenezwa kuliwa. Karatasi nyeupe isiyoandikwa ipo, au kitambaa safi.

Wakati huo watoto wako wapi? Jiko la mkaa likiwa chini sakafuni, sufuria ya mafuta iko sawasawa na kifua cha mtoto wa miaka miwili. Mpe dada mkubwa awatoe nje, au weka jiko mahali ambapo hawawezi kulipitia, na geuza mkono wa kikaango uelekee ukutani. Usiondoke kuitikia hodi; atakayebisha atasubiri. Mafuta yakishika moto, zima gesi, funika sufuria kwa mfuniko wake au kwa sinia ya chuma, na uiache hapo hapo mpaka ipoe. Usimwage maji hata kidogo, kwa sababu ile ile tuliyoeleza ya mvuke: yatalipuka na kuusambaza moto mpaka darini. Wala usiibebe sufuria kukimbia nayo nje.

Mtu akiungua, weka palipoungua chini ya maji safi yanayotiririka, ya baridi lakini si ya barafu, kwa dakika 20. Ni muda mrefu mtoto akilia, lakini usimwondoe mapema. Bangili au pete mvue kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala siagi. Hivyo hutunza joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvibandua. Funika kwa kitambaa safi kisichoshika kidonda, na mtoto mdogo mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Neno moja kwa wenye shinikizo la damu, na tunajua kuna akina baba wengi walioambiwa wapunguze chumvi na bado wanainyosha mkono mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyo katika mkate na mchuzi. Tango moja kubwa la siki laweza kuchukua zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo chakula hiki si cha kila Jumamosi. Kipike siku moja moja, na baba ale vipande vitatu au vinne pamoja na kabichi au nyanya mbichi zisizotiwa chumvi. Kama daktari amemkataza kabisa, kaanga vipande vya bilinganya au bamia kwa unga huu huu ili asijione ametengwa.

Cha kuchovyea hakina shida. Kikombe kimoja cha mtindi mzito, kitunguu saumu kilichopondwa, giligilani iliyokatwa katwa na matone ya ndimu. Kiweke kwenye friji wakati unakaanga, maana baridi yake ndiyo inayopendeza na moto wa tango.

Mafuta yaliyobaki yaache yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa ili chenga za unga zisiungue mara ya pili, na uyatumie tena mara moja au mbili. Yakiwa meusi, yakitoa povu au harufu kali, yatupe bila huruma. Matango yenyewe huliwa pale pale. Yakibaki, usiyafunike kwenye bakuli. Kesho yake yapange kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, dakika tatu kila upande, nayo yatakauka tena kiasi cha kumtosha mtoto aliyechelewa kurudi shuleni.