Filamu Yako Ataiona Nani?

Mradi wa mwisho wa mwanafunzi wa filamu hapa chuoni huangaliwa na watu watatu: msimamizi wako, mwalimu wa pili, na yule mgeni wa nje anayeletwa na idara. Wakishatoa maksi, flashi inaingia kabatini na kabati linafungwa. Bumu la muhula mzima limeishia humo. Mama lishe aliyekupa siku tatu za kazi yake, wateja wakisubiri chai huku wewe unahangaika na mwanga, hajui hata filamu iliishaje. Kwangu mimi huo bado haujawa mradi. Ni zoezi refu la darasani.

Najua mtu atauliza: kwani shida iko wapi, si maksi zinaingia? Zinaingia. Lakini kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu watatu ambao hawaruhusiwi kutoka katikati hujulikana tu. Angalia portifolio zetu. Nembo ya kampuni isiyokuwepo. Tangazo la soda la sekunde 30 ambalo hakuna aliyeliagiza. Machweo ya Coco Beach (hayo kila mwaka yapo, jua lenyewe limeshachoka). Halafu vipande vya video vilivyokatwa kufuata midundo. Anayetafuta mtu wa kumwajiri akimaliza kuangalia bado hajui kama unaweza kubeba jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kama mlifanya kwa kundi la watu watano ndiyo balaa zaidi, maana wote watano mmejiandika waongozaji.

Kinachoniudhi zaidi ni lugha. Tunamhoji mvuvi wa Feri kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiswahili kitamu chenye mafumbo, kisha tunamfunika kwa sauti ya msimulizi wa Kiingereza kwa sababu ripoti imeandikwa Kiingereza. Mwenye habari akiletewa kazi hiyo hawezi kufuatilia maneno yanayosemwa juu yake mwenyewe. Hilo linafanyika kwa woga tu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inazungumza Kiswahili, na mwaka 2021 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Wasiojua lugha walisoma tafsiri chini ya picha, basi. Jopo letu la watu watatu nalo linaweza kusoma.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: kabla ya kuipeleka kwa jopo, kazi ionyeshwe kwanza kwa watu waliomo ndani yake na majirani zao. Tuna vibanda umiza kila mtaa. Mchana wa katikati ya wiki, siku ambayo hakuna mpira, mwenye kibanda atakusikiliza. Ukae nyuma, siyo mbele. Angalia ni dakika ya ngapi watu wanaanza kutoa simu. Angalia wanacheka wapi, na kama ulitaka wacheke hapo. Mtu akinyanyuka na kusema "huyu siyo mwenye mtumbwi, huyu kibarua," umepata sahihisho ambalo mwalimu asingeweza kukupa, na bado una wiki mbili za kurekebisha.

Ukipitia kibandani utajifunza pia kwamba watu wanasamehe picha, lakini hawasamehi sauti. Sisi tunagombania kamera ya idara mpaka tunanuniana, halafu maongezi yote tunayanasa kwa kimaiki cha kamera kilicho mita tatu kutoka kwa msemaji, bodaboda zikipita. Filamu ya Tangerine ya Sean Baker, ya mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone, lakini sauti yake ilirekodiwa kwa vifaa vyake maalumu. Kama huna vifaa, chukua simu ya pili, iweke programu ya kurekodi, izimie mtandao na uitie kwenye mfuko wa shati wa msemaji. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza kuongea, ili wakati wa kuhariri ulinganishe mlio huo kwenye picha na kwenye sauti. Rekodi pia nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Utauhitaji kuziba mapengo.

Muziki nao. Ukibandika wimbo wa Bongo Fleva bila ruhusa, chumba cha jopo hakitakushtaki, lakini filamu itakuwa imefungwa kabatini milele kwa mkono wako mwenyewe. YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo, na mwenye wimbo anaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake. Matamasha nayo huuliza haki za muziki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na inakulinda na wewe pia. Ghorofa ya chini kuna wenzetu wa muziki wanaotafuta kazi ya kuweka kwenye portifolio zao. Wapigie hodi, mwandikishane karatasi moja ya ruhusa, kila mtu atie saini.

Sasa uongozi wa chama. Kumwonyesha mhusika kazi yake ni jambo la mwanafunzi mwenyewe, lakini kuonyesha hadharani ni jambo jingine: filamu ya kuonyeshwa kwa umma inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, na haina maana kila mwanafunzi ahangaike peke yake na fomu na ada. Chama na idara waombe kwa pamoja, kwa usiku mmoja wa miradi yote, kwenye uwanja wa kikapu, kwa projekta ile ile inayolala ofisini. Fedha ya burudani ipo. Mwaka jana tuliona ilivyokodi spika za kuwakaribisha mwaka wa kwanza, mpaka hosteli za ng'ambo zikalalamika. Wageni wa kwanza kualikwa wawe wale waliorekodiwa, na nauli yao iwe kwenye bajeti.

Barua hiyo iandikwe Novemba, kabla watu hawajapeleka mada kwa wasimamizi. Ikiandikwa Juni, machweo ya Coco Beach yatakuwa yameshapigwa.