Roboti Ndani ya Kabati la Vioo



Wapendwa wasomaji, juma hili nimetakiwa nitoe kauli juu ya jambo ambalo sikufundishwa seminarini, si katika falsafa wala katika teolojia. Je, yafaa Mkristo aweke sebuleni kabati lililojaa roboti zinazogeuka kuwa magari?

Msicheke. Kisa chenyewe kimetokea katika Jumuiya moja ya parokia yetu, huku Mbagala, na kilikaribia kuivunja. Zamu ya sala ilipomfikia ndugu mmoja, fundi magari mwenye mke na watoto wawili, wanajumuiya walifika, wakaketi, na macho yao yakanasa kwenye kabati. Juu yake palikuwa na msalaba na sanamu ya Mama Bikira Maria, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi. Chini, nyuma ya vioo, mahali ambapo wengine huweka vikombe vya wageni na sahani ambazo hazijawahi kuliwa, zilisimama roboti 41, kubwa nyuma na ndogo mbele, zote zimekodoa macho. Mama mmoja alinyamaza katikati ya tendo la tatu la rozari. Siku mbili baadaye wajumbe watatu walikuja ofisini kwangu na sharti moja: vitu vile vichomwe moto, la sivyo hawatasali tena ndani ya nyumba ile.

Niliwasikiliza kwa heshima, kwani hofu yao haikuanguka kutoka mbinguni. Katika pwani yetu kitu kinachogeuka umbo hakijawahi kuwa na sifa njema. Jini hugeuka paka, mchawi hugeuka fisi, na mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje, wamekusanyika kuzunguka moto, kwa kumwogopa popobawa. Ongezeni hapo neno “Frimasoni”, ambalo Dar es Salaam tumelifanya kapu la kutupia kila tusichokielewa, mtaona jinsi mchezo wa plastiki unavyoweza kugeuka kuwa pepo. Hata hivyo, hofu ya kweli yaweza kuelekezwa mahali pasipo pake. Ndiyo maana sikuwajibu siku ile. Nilikwenda mwenyewe.

Mwenye nyumba alifungua kabati kwa ufunguo aliokuwa ameuning'iniza shingoni. Akatoa lori jekundu lenye kichwa cha buluu, akaniwekea mkononi, akanionesha. Ubavu wa lori hufunguka ukawa mikono, sehemu ya nyuma hunyooka ikawa miguu, na kichwa huchomoza pale ambapo wewe ungetarajia kuona injini. Hakichomolewi kitu wala hakiongezwi. Ni bawaba na skrubu tu, zilizopangwa na mtu aliyefikiri sana. Nakiri kwamba nilirudia kuligeuza mara nne, na mara ya nne sikuwa nikichunguza tena imani ya mtu yeyote.

Akanieleza asili yake, nami baadaye nikaihakiki. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa ikitengeneza roboti za namna hii katika mfululizo wa Diaclone, ulioanza mwaka 1980, na ule wa Micro Change wa mwaka 1983. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilizichukua, ikaziunganisha chini ya jina Transformers, na kwa msaada wa waandishi wa Marvel kila moja ikapewa jina, tabia na upande wa vita. Lile lori likaitwa Optimus Prime. Ilifuata katuni ya televisheni, na mwaka 2007 filamu iliyoyafikisha majina hayo hadi kwenye mabanda ya video ya uswahilini kwetu.

Lakini wenzangu mliozaliwa tulipozaliwa sisi, kumbukeni mwaka 1984 ulivyokuwa hapa kwetu. Wazazi wetu walimlilia Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili, na maduka yalikuwa matupu kiasi kwamba mwaka huo serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kujiingizia bidhaa. Televisheni yenyewe ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Sisi tulicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na mifuko, tukaunda magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika. Fundi wetu naye aliunda. Ila jirani yao mmoja alikuwa na mjomba baharia, na mjomba huyo alileta lori jekundu linalogeuka mtu. Mtoto wa jirani alilichezea kibarazani. Wengine waliruhusiwa kutazama, mradi wakae nyuma ya mstari aliouchora mchangani kwa kijiti.

“Nilitazama miaka miwili, Padre,” aliniambia. “Sikuligusa hata siku moja.”

Basi nikajua zile 41 zimetoka wapi. Nyingi amezinunua Tandika, kwenye marobota ya mitumba ya vichezeo, kwa shilingi elfu tatu au elfu tano, zikiwa zimekatika mkono au zimepoteza mguu. Huzirudisha nyumbani, akazifungua kwa bisibisi, akachonga kiungo kipya kutoka kwenye plastiki ya dashibodi za magari yaliyokufa gereji. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisikitikia utamaduni wa kutupa. Mimi nimehubiri mara nyingi juu ya waraka huo. Huyu ndugu hajausoma, lakini ameutekeleza kuliko mimi.

Juu ya ibada ya sanamu sina maneno mengi. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa mbele ya picha takatifu humwendea yule anayewakilishwa nayo. Roboti hizi haziwakilishi mtakatifu wala shetani, hakuna anayeziwashia mshumaa, na nilipomwuliza kama huziinamia, alijibu kwamba huinama akitafuta skrubu zilizodondoka. Nasi Wakatoliki, ambao kila mwaka twasutwa na majirani kwamba twaabudu vinyago, tungepaswa kuwa watu wa mwisho kubeba kiberiti kwenda kwenye kabati la mwenzetu.

Nami nina deni hapa. Noeli iliyopita mtoto mmoja aliweka gari la plastiki katika pango letu la kanisani, kando ya kondoo, na mimi nikaagiza liondolewe kabla ya Misa. Baadaye nikasoma tena barua ya Baba Fransisko kuhusu pango la Noeli, aliyoitia sahihi tarehe 1 Desemba 2019 kulekule Greccio, ambako Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza pango lake mwaka 1223. Anasema humo kwamba watoto, na hata watu wazima, hupenda kuongeza vinyago visivyo na uhusiano wowote na Injili, na haoni ubaya. Kwake ni ishara kwamba mbele ya Mtoto Yesu kuna nafasi kwa kila kilicho cha kibinadamu. Gari lile bado liko sakristia. Mwenyewe aje alichukue.

Wajumbe walipoona naelekea huko, walinitupia hoja nyingine: fedha. Hiyo ni hoja yenye uzito zaidi kuliko mapepo, kwa kuwa Bwana wetu alituonya juu ya hazina zinazoliwa na nondo na kutu. Nilimwuliza mke wake pembeni. Alisema ada ya shule haijawahi kukosekana. Kinachokosekana ni mume wa Jumapili mchana.

Jibu hilo lilinirudisha kwenye ufunguo ule wa shingoni. Wakati tukizungumza, mwanawe wa miaka saba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, akitazama kabati. Hakuvuka kizingiti. Nikamwuliza kama amewahi kuligeuza lile lori jekundu. Akamtazama baba yake, akatikisa kichwa.

Wakusanyaji wa ng'ambo wana sababu zao. Wapo wasiofungua hata sanduku la kiwandani, kwani likifunguliwa thamani hupungua, na toka mwaka 1994 huko Marekani yalifanyika makongamano makubwa ya watu wa namna hiyo. Siwahukumu, huenda ni biashara yao. Lakini roboti inayogeuka, ikifungiwa, huwa imebaki nusu ya kile ilichoundiwa. Na baba anayemwekea mwanawe mstari uleule aliowekewa yeye mchangani, tofauti tu kwamba huu ni wa kioo, anahitaji kuambiwa hivyo na mtu anayempenda. Nilimwambia. Alikaa kimya muda mrefu, na nadhani alinikasirikia kidogo.

Sikumtaka agawe zote. Kuna vitu ambavyo mtu mzima ana haki ya kuvitunza visiguswe; mimi nina kalisi ya upadrisho wangu ambayo sitaki hata masakristani waisugue. Nilimwomba rafu moja tu, ya chini, isifungwe.

Akatoa ufunguo. Mtoto aliingia taratibu, akalichukua lori kwa mikono miwili, akaligeuza kuwa mtu, kisha akashindwa kulirudisha. Baba alinyoosha mkono amsaidie, akausita hewani, akaurudisha mapajani.

Jumuiya itasali katika nyumba hiyo Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimemweleza mwenyekiti kwamba nitakuwepo, na kwamba sitaki kuona kitambaa kimetandazwa juu ya vioo.