Mtoto anapochagua filimbi

Mtoto wa Miono akisema anataka kuwa mchezaji, mzazi anajua la kufanya: anatafuta njumu. Akisema anataka kuwa refa, nyumba inakuwa kimya. Mama anawaza matusi, baba anawaza mawe.

Hofu hiyo ina msingi, lakini kumkataza si dawa. Dawa ni kumwandaa.

Kwanza ni mwili. Katika kipimo cha FIFA, mwamuzi wa kati hukimbia mita 40 mara sita, kila mara kwa sekunde zisizozidi 6 kwa mwanamume na 6.4 kwa mwanamke. Kisha hukimbia mita 75 na kutembea 25, mara 40, jumla kilomita nne. Mwanamume hupewa sekunde 15 za kukimbia na 18 za kutembea. Mwanamke 17 na 20.

Uwanja wa kijiji wa mita 100 unatosha kwa mazoezi hayo: robo tatu mbio, robo kutembea, mzazi ameshika simu akihesabu sekunde. Aanze na mizunguko 10, aongeze kidogo kidogo kila wiki. Kwa joto la Pwani, alfajiri au jioni ndiyo saa yake, na maji yawe karibu. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi yawe mepesi, yasogezwe karibu na futari.

Pili ni akili. Asome sheria 17 za soka mpaka azijue, kwa sababu refa mwenye wasiwasi na sheria ndiye anayeyumbishwa na kelele. Ajizoeze kuvuta pumzi kabla ya kutoa kadi, kusema maneno machache, na kutojibu tusi. Kijijini kila mtu ni ndugu au jirani; timu ya binamu yake ikicheza, aombe apangwe refa mwingine. Kufanya hivyo si woga, ni kujilinda.

Akirudi nyumbani amekosea, asikutane na swali la "kwa nini ulikataa bao lile?" Uwanja mzima umeshamuuliza. Apewe chakula kwanza. Kesho yake aulizwe amejifunza nini.

Njia ipo. Jonesia Rukyaa wa Kagera alichezesha Simba na Yanga Februari 2016. Salima Mukansanga wa Rwanda, Januari 2022, akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanaume. Kwa aliye tayari, pa kuanzia ni kuulizia kozi ya awali kwa chama cha soka cha wilaya.

Linabaki moja, nalo ni la wazazi wenyewe. Jumamosi, pembeni ya uwanja, anayeitwa kipofu na mla rushwa ni mtoto wa mtu, na wadogo waliokaa kwenye nyasi wanasikiliza. Mzazi anayetaka mwanawe aheshimiwe akishika filimbi, aanze kwa kumheshimu aliyeishika leo.