Nani Mjinga, Wao au Sisi?

Mara ngapi mmesikia mwanafunzi akimtusi mwenzake, "Wee, mtu wa Enzi ya Mawe!"? Hata mimi nilikuwa bingwa wa tusi hilo. Siku hizi sithubutu.

Likizo ya Agosti nilitwaa jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, lile lipatikanalo kwetu Naivasha, nikaazimia kuchonga ncha ya mkuki. Nilipiga katikati kwa nguvu, paa! Jiwe likapasuka, damu ikanitoka kidoleni. Baada ya mawe tisa ndipo nikang'amua: hupigwa ukingoni, pembe ikiwa chini ya nyuzi 90, na kibanzi hubanduka upande wa chini usiouona. Ukingo ukiwa mwembamba mno, usugue kwanza. Kumalizia, hubonyezwa kwa mfupa, haligongwi. Kila pigo lataka uwaze pigo lifuatalo. Je, hiyo si akili?

Huko Lomekwi, Turkana, yamepatikana mawe yaliyochongwa miaka milioni 3.3 iliyopita. Olorgesailie nako, miaka kama 300,000 iliyopita, watu walichonga jiwe jeusi kama hilo langu, lililotoka makumi ya kilomita. Sisi twakariri majina hayo tupate alama, kisha twawacheka wenzetu wanaosomea useremala!

Maoni yangu ni haya: walimu wa Historia watutie mawe mikononi, walau kipindi kimoja. Wahenga walinena, mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilidharau jiwe, na kovu ninalo.