Kabla ya kubonyeza "tuma", isome ile kona

Msimu wa maombi ya HELB na KUCCPS ukifika, saiba za Amu hujaa. Wapo waliokuja kwa boti kutoka Faza, Siyu na Kizingitini, na jicho moja liko kwenye saa wasije wakaachwa. Mtu anajaza fomu nusu saa nzima, anabonyeza "tuma", ukurasa unabaki mweupe. Lawama zote kwa "sistimu". Kumbe mara nyingi kompyuta ilishasema kitambo kwamba intaneti imekatika, ila hakuna aliyeisoma.

Nazungumzia ile kona ya chini kulia, penye saa. Imekuwepo kwenye Windows tangu 1995, na bado wengi wetu tunaijua kwa saa tu. Mimi naona hilo ndilo lingekuwa somo la kwanza la kompyuta, kabla ya Word na Excel.

Hebu itazame. Ukiona mawimbi ya Wi-Fi, uko hewani. Yakigeuka kuwa kiduara kama dunia chenye alama ya kukatazwa, hakuna intaneti, hata kama rauta inawaka taa zote. Usitume kitu. Nakili ulichoandika kwanza, halafu subiri.

Saa nayo si pambo. Kompyuta kuukuu ikifa betri yake ndogo ya ndani, tarehe hurudi nyuma miaka. Kivinjari hulinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha tovuti, zisipopatana kinagoma kufungua. Wewe unadhani eCitizen imelala, kumbe ni tarehe tu.

Halafu kuna kile kishale kidogo. Kibonyeze uone programu zilizojificha: nyingine zinapandisha mafaili yako mtandaoni kimyakimya. Kama umewasha intaneti ya simu yako, hizo ndizo zinazokula bando. Hapo hapo ndipo unapotoa flashi bila kuharibu faili.

Ila chunga, matapeli pia wanaipenda kona hii. Ujumbe ukichomoza kwamba una virusi na ulipe sasa hivi, tafuta jina la tovuti ndani yake. Ukiliona, ujue umetoka kwa tovuti uliyoiruhusu mwenyewe. Usilipe, ondoa ruhusa hiyo kwenye kivinjari.

Najua utaniambia hiyo ni kazi ya kijana wa saiba. Sawa, lakini ana wateja wengine wanaomwita kila upande, na ukimwachia kila kitu umemwachia na nywila yako. Leo ni fomu ya mkopo, kesho ni PIN ya KRA, kesho kutwa ni cheti cha tabia njema. Utamkabidhi mtu baki maisha yako mpaka lini?

Wanaofundisha kompyuta hapa Lamu watenge saa moja tu ya kona hiyo, siku ya kwanza. Na wewe usiwangoje. Nahodha haingii Mkanda bila kutazama maji, na hakuna anayemwambia anapoteza wakati. Ukikaa mbele ya kompyuta, tazama kona kwanza, ndipo ufungue fomu. Ni sekunde tano, na nauli ya boti si ya kulipa mara mbili.